Tulivu au Kimya? Uhakiki wa Kipeperushi cha Njia ya Baiskeli kutoka Gisenyi hadi Karongi

Mwezi Julai 2025 nilipewa kazi ya kutafsiri kipeperushi cha kurasa mbili. Mwenye nyumba moja ya wageni hapa Gisenyi alisikia kwamba ninasoma Kiswahili chuoni, akaniita. Mwezi Septemba mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalikuwa yafanyike Kigali, ya kwanza katika bara la Afrika, naye alitumaini kwamba baadhi ya wapenda baiskeli kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, wakishamaliza kutazama, wangefika hadi huku ziwani. Alikuwa na sababu ya kutumaini. Tangu Januari mwaka huo, Goma ilipopiganiwa na risasi na mabomu yakavuka mpaka hadi kwetu, vyumba vyake vingi vilikaa vitupu. Kipeperushi cha Kiingereza alikuwa nacho tayari. Alitaka cha Kiswahili, lugha iliyofanywa mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda mwaka 2017, ingawa sisi wa mpakani tuliizungumza sokoni kabla sheria haijaitambua.

Kipeperushi kilihusu sehemu ya kwanza ya njia inayojulikana kama Congo Nile Trail: kilomita 227 za kupanda na kushuka kando ya Ziwa Kivu, kutoka Rubavu, kupitia Rutsiro, Karongi na Nyamasheke, hadi Rusizi. Nilidhani ni kazi ya saa mbili. Nilikwama katika sentensi ya kwanza. Sentensi hiyo ilikuwa na kivumishi kimoja ambacho Kiingereza hukitumia kwa barabara isiyo na magari, kwa mtoto asiyelia, kwa ziwa lisilo na mawimbi na kwa mtu asiyetaka kusema. Kiswahili hakina neno moja la kubeba mizigo yote hiyo. Kuna kimya. Kuna tulivu. Watu wa pwani wangeongeza shwari. Niliandika moja, nikafuta, nikaandika jingine. Mwishowe nikafanya kile tunachofundishwa darasani: neno likikushinda, acha neno, rudi usome matini chanzi yote upya.

Makala hii ni matokeo ya kusoma huko, kwanza kwa macho, kisha kwa baiskeli. Hoja yangu ni moja. Kipeperushi kiliita utulivu kitu ambacho kwa kweli ni ukimya, na tofauti kati ya maneno haya mawili si ya kamusi tu.

Nianze na fani. Kipeperushi kinamsemesha msomaji kwa nafsi ya pili: unapanda, unateremka, unapumzika, unaonja kahawa. Nilihesabu vitenzi vyote. Vitenzi vya mwendo vyote ni vya mgeni. Vilima vinalala. Ziwa linang'aa. Visiwa vinaelea. Wenyeji wanatajwa mara mbili: mara ya kwanza wanatabasamu, mara ya pili wanauza kahawa. Katika kurasa mbili kuhusu wilaya zenye maelfu ya wakulima, hakuna mwenyeji hata mmoja anayekwenda mahali.

Nilipotazama wakati wa vitenzi, nilikuta jambo kubwa zaidi. Matini yote iko katika wakati uliopo. Neno historia limo, tena limo mara tatu, lakini ni nomino iliyokaa peke yake kama pambo. Kitenzi pekee cha wakati uliopita kinaeleza kwamba njia yenyewe ilifunguliwa. Kwa maneno mengine, katika matini hii kabla ya njia kufunguliwa hakuna kilichotokea. Mfasiri wa Kiswahili huliona hili haraka kuliko msomaji wa kawaida, kwa sababu hulazimika kuchagua kiambishi cha njeo kila anapoandika kitenzi. Nilijikuta nimeandika -na- na hu- ukurasa mzima. Kiambishi -li- nilikihitaji mara moja.

Hata jina la njia linahitaji mhakiki. Congo na Nile ni majina ya mito miwili mikubwa, na mgongo wa milima unaogawanya maji yake unapita kweli katika magharibi ya Rwanda. Tone la mvua likianguka mashariki ya mgongo huo hatimaye huelekea Misri. Likianguka magharibi huingia Kivu, hutoka kwa mto Ruzizi hadi Tanganyika, na kutoka huko hufika mto Kongo na Bahari ya Atlantiki. Lakini sehemu ya njia inayoelezwa na kipeperushi iko upande wa ziwa. Siku mbili nilizoendesha, kila kijito nilichovuka kilikuwa cha Kongo. Mto Naili uko kwenye jina kwa sababu unapendwa na wageni. Silaumu sana jambo hili, maana jina la biashara si risala ya jiografia. Nalitaja kwa sababu linaonyesha mazoea ya matini: kuchukua kile kinachomvutia msomaji wa mbali na kukiacha kilicho chini ya gurudumu lake.

Aina hii ya maandishi haikuzaliwa kwetu. Ulaya kuna utamaduni wa muda mrefu wa kuelekeza waendesha baiskeli kwenye barabara ndogo za mashambani, zenye vilima vya wastani, makanisa ya kale na magofu ya ngome. Huko neno lililonishinda lina maana iliyo wazi. Magari yamehamia barabara kuu, vijiji vingi vimepungukiwa vijana, na barabara ndogo imebaki na upepo na ndege. Matini ya namna hiyo ikiletwa Rutsiro bila kubadilishwa, inaanza kusema uongo bila kukusudia. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 13.2 nchini Rwanda, wastani wa zaidi ya watu 500 kwa kilomita moja ya mraba. Barabara yetu ya udongo haina magari mengi, hilo ni kweli, hasa tangu lami ya kuunganisha Rubavu na Karongi iyachukue. Lakini kukosa magari si kukosa watu.

Ilinibidi nikahakikishe. Nimezaliwa Gisenyi, nimelala miaka ishirini na zaidi mwanzoni mwa njia hii, na sikuwahi kuiendesha. Mwezi Agosti nilikodi baiskeli mbili pamoja na mwanafunzi mwenzangu kutoka Kisumu aliyekuwa likizoni kwetu. Tuliweka kipeperushi ndani ya mfuko wa nailoni, tukaenda nacho tukikisoma kila tuliposimama, kama mtu anayesahihisha insha.

Tulitoka mjini asubuhi kuelekea Rubona. Hapo pana kiwanda cha bia kilichokuwapo tangu 1957, na ng'ambo yake kidogo ni chemchemi za maji moto za Nyamyumba, ambako wazee huja kukanda miguu. Kipeperushi kinazitaja chemchemi na kinazisifu, na hapo sina ugomvi nacho. Hakisemi kitu kuhusu mto Sebeya, unaoingia ziwani upande huohuo wa kusini mwa mji. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua ilinyesha magharibi na kaskazini mwa nchi hadi watu zaidi ya 130 wakafa, na Sebeya ikatoka kwenye kingo zake. Nyumba ya shangazi yangu ilibaki ukuta mmoja. Vilima ambavyo katika matini vinalala, usiku ule viliteremka. Mwenzangu aliniuliza kwa nini kingo za mto zimejengwa upya kwa mawe. Nilimweleza kwa sentensi mbili, tukaendelea.

Baada ya Rubona udongo ulianza, na kupanda kukaanza. Hapo ndipo tulipokutana na baiskeli nyingine, zisizo na gia, zenye fremu nzito ya chuma, zimebeba mikungu ya ndizi pande zote mbili na mmoja juu. Mwendeshaji hapandi mlima akiwa ameketi. Huisukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye mzigo, na mwenzake husukuma kwa nyuma. Wakati wa kuteremka hutumia soli ya kiatu kusaidia breki. Walitupita tulipokuwa tumekaa chini tukihema, wakatusalimu, wakacheka kidogo, wakaenda zao.

Sikuweza kucheka. Baba yangu alifanya kazi hiyo kabla sijazaliwa na miaka kadhaa baadaye, akitoa ndizi Rutsiro kuzileta soko la Gisenyi. Njia hii aliijua kabla haijapewa jina la mito. Yeye na wenzake waliiita tu njia ya ndizi. Nilipomwambia kwamba ninakwenda kuiendesha kwa baiskeli ya kukodi, aliniuliza kwa upole: "Mwanangu, umelipa pesa ili usukume baiskeli mlimani?" Ni swali zuri la kihakiki. Katika nchi hii baiskeli ina maisha mawili. Kuna baiskeli ya mashindano, tunayoishangilia kila mwaka wakati wa Tour du Rwanda, mbio zilizoanza 1988, watu wakijipanga barabarani tangu asubuhi na watoto wakipanda miti. Na kuna baiskeli ya mzigo, ambayo haishangiliwi na mtu. Kipeperushi kimeleta baiskeli ya tatu, ya mapumziko, nayo imetengewa barabara ya ile ya pili bila kuitaja. Kuita barabara ya watu wanaofanya kazi kimya ni kutowasikia.

Jioni tulifika Kinunu, penye kituo cha kuoshea kahawa, tukalala huko. Kipeperushi kiliahidi usiku usio na sauti. Giza lilipoingia wavuvi wa sambaza walitoka. Mitumbwi yao huenda mitatu mitatu imefungwa pamoja, miti mirefu ya kushikilia nyavu ikitokeza mbele na nyuma, na wapiga makasia huimba ili makasia yaende pamoja. Sambaza wenyewe si wa asili ya Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni chakula na mapato ya watu wa pande zote mbili za ziwa. Nyimbo zilikuja na kurudi juu ya maji hadi usiku wa manane. Mwenzangu aligeuka kitandani akauliza, "Hawa watu hawalali?" Nikamwambia wanafanya kazi. Akafungua kipeperushi kwa mwanga wa simu, akasoma ile sentensi ya usiku, akacheka hadi nikacheka.

Siku ya pili ilikuwa ngumu zaidi na nzuri zaidi. Sikatai uzuri, na mhakiki anayeogopa kusifu hana haki ya kulaumu. Kutoka kwenye mabega ya vilima vya Rutsiro ziwa huonekana vipande vipande, buluu kati ya migomba, na kisiwa cha Idjwi kimelala upande wa pili kama mlima uliozama kiunoni. Kahawa, mihogo na maharagwe hupandwa hadi ukingoni mwa njia. Kila kona hufungua ghuba nyingine. Kipeperushi kimesema haya vizuri, na nilipoyatafsiri nilijitahidi yasipoteze ladha.

Lakini Idjwi hiyohiyo ni ukurasa wa historia. Mwami Kigeli IV Rwabugiri, aliyefariki 1895, alipeleka majeshi yake kwa mitumbwi kukiteka kisiwa hicho, na mojawapo ya makao yake lilikuwa Rubengera, mahali tulipopita mchana wa siku hiyo. Mwaka 1894 alikutana na Mjerumani von Götzen, ambaye mwaka huohuo akawa Mzungu wa kwanza kulifikia Ziwa Kivu. Mwaka 1909 wamisionari wa Kijerumani walijenga kituo palepale Rubengera. Mwezi Septemba 1914 Wajerumani waliiteka Idjwi kutoka kwa Wabelgiji, na 1916 Wabelgiji wakaingia Gisenyi. Mtu akitaka vivutio vya kihistoria, hapa anavyo vya kutosha bila kuongeza chumvi. Kipeperushi kinasema kuhusu Rubengera jambo moja tu: kwamba lami inaanzia hapo, na mgeni aliyechoka anaweza kupata soda.

Tukafika Karongi, mji ulioitwa Kibuye tulipokuwa hatujazaliwa. Kipeperushi kinamwelekeza mgeni moja kwa moja gatini, akodi mashua, akatazame popo wa kisiwa cha Napoleon. Tukafanya hivyo. Kwenye mashua mwenzangu alipiga picha za kila kitu, na mojawapo ilikuwa ya kanisa la mawe lililo juu ya kilima cha rasi, zuri kweli, linaloonekana kutoka kila upande wa maji. Alisema lingefaa kuwa kwenye jalada la kipeperushi. Sikujibu. Tuliporudi nchi kavu alitaka kuliona kwa karibu, tukapanda.

Ni kanisa ambalo ndani yake na kulizunguka, tarehe 17 Aprili 1994, katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, maelfu ya watu waliokuwa wamelikimbilia waliuawa. Siku iliyofuata waliuawa waliokuwa wamekusanywa uwanja wa Gatwaro, mjini humohumo. Aliyekuwa prifekti wa Kibuye, Clément Kayishema, alitiwa hatiani mwaka 1999 na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyokuwa Arusha. Kando ya kanisa pana kumbukumbu. Mwenzangu aliisoma yote, polepole, kofia yake ya baiskeli mkononi. Kisha akaniuliza:

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia, ndugu yangu? Nimepiga picha nikicheka."

Sikuwa na jibu la haraka, na hadi leo jibu nililo nalo halinipendezi. Siku mbili nzima nilikuwa nimekikosoa kipeperushi kwa sauti, na katika jambo zito kuliko yote nilifanya kama kipeperushi. Nilimwonyesha ziwa. Nilimwonyesha popo. Tulipotoka Gisenyi sikumwambia kuhusu makaburi ya kumbukumbu ya Commune Rouge, ambayo yako mjini kwetu. Sikumwambia kwamba Julai 1994 watu takriban milioni moja walipita katika mji huo kwa siku chache wakielekea Goma, wala kwamba wengi wao walikufa huko kwa kipindupindu. Nilidhani ninamhurumia mgeni aliye likizoni. Labda nilikuwa ninajihurumia mimi.

Hapa ndipo niliporudi kwenye neno langu. Tunasema mtu yuko kimya anapokuwa na sauti na hakuitoa. Ndiyo maana wahenga walionya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Kutulia ni jambo jingine. Tunasema mtoto ametulia baada ya kulia, bahari imetulia baada ya upepo, vumbi limetulia baada ya gari kupita. Ndani ya kitenzi kutulia kuna wakati uliopita uliojificha: kilichotulia kilikuwa kimetikisika. Huwezi kusema kwa haki kwamba mahali pametulia huku ukikataa kusema palitikiswa na nini. Ukikataa, umepafanya pawe kimya tu.

Kwa hiyo kivumishi sahihi cha njia hii ni tulivu, ila mwandishi anayelitumia neno hili anadaiwa -li-. Ziwa lenyewe linatufundisha. Uso wake ni laini asubuhi nyingi, na chini kabisa, kwenye kina kinachokaribia mita 480, kuna methani na gesi ya kaboni iliyoyeyuka katika maji, ambayo wataalamu huichunga kwa makini na mitambo ya Karongi huigeuza kuwa umeme. Hakuna anayeishi kando ya Kivu anayeuita uso huo kimya. Tunasema ziwa limetulia, tukimaanisha leo.

Kuna pingamizi, nami nitalitendea haki. Mtu anaweza kusema kwamba kipeperushi si kitabu cha historia, na kwamba anayepanda mlima kwa baiskeli ana haki ya kufurahi. Nakubali. Hata Ulaya mwendesha baiskeli hupita penye ngome palipomwagika damu, na maelekezo humwambia tu kuwa mnara una mwonekano mzuri. Lakini waliokufa katika ngome ya miaka mia tano iliyopita hawana ndugu barabarani. Hapa, mama anayekupisha kwenye daraja akiwa na ndoo kichwani anaweza kuwa ndugu wa mtu aliyezikwa kando ya kanisa lile. Kivutio cha kihistoria kwetu bado kina wafiwa. Juu ya Karongi kuna Bisesero, ambako Watutsi waliokimbilia milimani walipambana kwa mawe na mikuki kwa wiki nyingi. Kumbukumbu yake iliingizwa mwaka 2023 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ikiwa dunia imekubali kwamba mahali hapo ni pa kila mtu, kipeperushi cha kurasa mbili kinaweza kutoa mstari mmoja.

Tena si kweli kwamba ukweli huharibu safari. Mwenzangu, baada ya kanisa, hakutaka kurudi nyumbani. Alitaka kwenda Bisesero kesho yake, na tulikwenda kwa pikipiki kwa kuwa miguu ilikuwa imekataa. Njiani alisema kwamba sasa ndipo alipoanza kuiona nchi aliyoipita kwa siku mbili. Nilielewa kwamba kosa la matini ile si kwamba ilimfurahisha, bali kwamba ilimdharau. Ilidhani mgeni hawezi kubeba uzuri na msiba kwa wakati mmoja, jambo ambalo wenyeji hulifanya kila siku wakienda kuchota maji.

Nilimpelekea mwenye nyumba ya wageni tafsiri yangu mwishoni mwa Agosti. Nilikuwa nimeandika njia tulivu, na baada yake nimeongeza sentensi tatu ambazo hazikuwa katika matini chanzi. Ya kwanza ilisema kwamba barabara hii ni ya kazi, na kwamba mgeni awapishe wabeba ndizi kwenye miteremko kwa sababu breki zao ni viatu vyao. Ya pili ilihusu Rubengera na Rwabugiri. Ya tatu ilimwomba mgeni, kabla ya kupanda mashua ya kwenda kwa popo, apande kilima cha kanisa la Karongi, avue kofia, asome.

Alisoma akiwa amesimama. Alisema mgeni anakuja kupumzika, na kwamba yeye ana vyumba vitupu na mkopo wa kulipa. Sikubishana, maana sikuwa na chumba hata kimoja. Sentensi ya wabeba ndizi aliifuta kwa kalamu, akisema itawaogofya watu kuhusu usalama. Ya Rwabugiri aliipenda. Ya tatu aliisoma mara mbili, akakaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Hiyo iache."

Ilibidi nimwulize, kwa kuwa Kiswahili chetu hapa ni cha mtego: niiache ibaki, au niiache itoke?

"Iache ibaki," akasema. "Mimi ni mtu wa Karongi."

Nilikuwa nimemjua miaka yote hiyo bila kujua hilo. Aliyeandika kipeperushi cha Kiingereza hakuwa yeye. Alikilipia tu, na akakubali kilichoandikwa kwa sababu ndivyo vipeperushi vyote vinavyoandikwa.

Funzo ninalolitoa kwa wenzangu wa darasa la tafsiri ni dogo lakini ni la kazi. Tukipewa matini kuhusu mahali petu iliyoandikwa kwa macho ya mbali, uaminifu kwa matini chanzi hautoshi. Tuhesabu vitenzi. Tutazame ni nani anayetenda na ni nani anayelala kama kilima. Tutafute -li- iko wapi, na isipokuwapo tuulize nani aliitoa. Na pale inapowezekana, tuandike matini ya kwanza sisi wenyewe, kwa Kiswahili au kwa Kinyarwanda, Kiingereza kije baadaye kama tafsiri yetu.

Kipeperushi kilichapishwa Septemba. Nilimpa baba nakala, naye akaisoma hadi mwisho, akaigeuza, akaisoma tena. Akasema Kiswahili chake ni kizuri. Kisha akauliza ndizi ziko wapi.

Sikuwa na la kumjibu ila kumwambia kwamba ninaandika insha.